Halowini: Tusimlaumu Mgeni

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nimevuliwa nguo, tena mchana, na katika makala haya nakuja kuchutama mbele yako.

Mapema mwezi wa Oktoba mwaka 2025, chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala uliopamba moto kweli kweli. Hoja ilikuwa: "Sherehe ya Halowini haina nafasi katika jamii yetu." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga hoja mkono. Nilisimama mbele ya wenzangu nikiwa nimejifunga kibwebwe, nikasema kwamba Halowini ni takataka za Wamarekani, kwamba ni ibada ya mashetani iliyopakwa sukari, na kwamba mzazi anayemvisha mwanawe mavazi ya mzimu anamfundisha kuwadharau wafu. Nilipigiwa makofi hadi nikasahau hoja yangu ya nne. Wapinzani wetu walikuwa na jibu moja tu: kwamba ule ni mchezo, na mchezo haujamwua mtu. Kura zilipohesabiwa tuliwashinda vibaya sana.

Kabla ya mwezi huo kwisha, nilikuwa nimehudhuria sherehe yenyewe. Ndiyo, mimi, msemaji wa kwanza! Nisikilize basi, usinihukumu kwanza.

Baba Mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, alifariki mwezi wa Aprili mwaka huo baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa akifanya kazi Nairobi, lakini tulimleta nyumbani hapa Mukumu, tukamzika kando ya nyumba yake kama ilivyo desturi. Alimwacha mjane na mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka sita. Mtoto huyo hakuletwa mazishini. Watu wazima walikaa kikao wakaamua kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kustahimili mambo ya jeneza na kaburi, hivyo akaachwa Nairobi kwa jirani. Aliambiwa kwamba Baba amesafiri kikazi, tena mbali. Sisi sote tuliambiwa tuseme vivyo hivyo. Hata mimi nilipopigiwa simu, nikasikia sauti yake nyembamba ikiniuliza, "Dada, Baba ako huko kwenu?", nilimjibu bila kusita, "La, amesafiri. Atarudi." Uongo huo niliusema kwa kinywa changu mwenyewe, nami nilidhani ni wema.

Tulipofunga shule tarehe 24 Oktoba, nilitumwa Nairobi nikamsaidie Mama Mdogo kazi za nyumbani. Nilimkuta amekonda. Siku hizo nchi nzima ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika maombolezo makubwa. Raila Odinga alikuwa amefariki nchini India tarehe 15 Oktoba, akazikwa Bondo tarehe 19. Mama Mdogo alinisimulia kwamba mtoto alikuwa ameketi mbele ya televisheni akitazama jeneza lililofunikwa bendera ya taifa na maelfu ya watu wakilia. Akauliza, "Huyo mzee amewekwa kwa sanduku ya nini?" Jirani aliyekuwapo aliizima televisheni mara moja, akamwambia mtoto aende nje akacheze.

Jirani huyo huyo ndiye aliyeleta tiketi tatu za Halowini, sherehe ya familia iliyoandaliwa katika bustani moja ya michezo jijini. Alikuwa amezinunua kwa ajili ya watu wake, nao wakapata safari. Mama Mdogo hakutaka. Mimi ndio sikutaka kabisa. Lakini mtoto alikuwa akiimba Halowini mwezi mzima kwa sababu wenzake wote darasani walikuwa wakienda. Mwishowe Mama Mdogo akasema, "Wacha aende acheke. Tangu Aprili hii nyumba haijacheka." Nami ningejibu nini?

Basi Ijumaa jioni, tarehe 31 Oktoba, tulikwenda.

Nitasema ukweli kama nilivyouona. Langoni palikuwa na maboga makubwa yaliyochongwa macho na meno, ndani yake kukiwa na taa. Juu ya miti walikuwa wametandaza pamba kama utando wa buibui. Treni ndogo ilizunguka bustani ikipiga honi, na gurudumu kubwa liliwapandisha watu juu na kuwashusha. Nilimwona baba mmoja amevaa joho jeusi na meno bandia ya mnyonya damu, amembeba mgongoni mtoto mchanga aliyevishwa kama boga, kichwa kidogo tu kikichungulia. Nilimwona bibi mmoja mnene wa makamo, kitambaa chake kichwani kama kawaida, lakini juu ya kitambaa amefunga pembe mbili zinazowakawaka taa nyekundu! Alikuwa akila chipsi kwa utulivu kama aliye katika harusi. Nilitaka kukasirika, lakini kicheko kilinishinda. Wale hawakuwa waabudu shetani. Walikuwa wazazi waliochoka kwa kazi za wiki nzima, wanaotaka kukaa jioni moja na watoto wao.

Mtoto wetu alikuwa amevaa fulana nyeusi na suruali nyeusi zilizochorwa mifupa meupe. Gizani mifupa hiyo iling'aa. Alikimbia kutoka kibanda hadi kibanda akipewa peremende, kikapu chake kikajaa. Kweli alikuwa akicheka.

Kisha tukaingia katika chumba walichokiita nyumba ya mizimu. Mama Mdogo alibaki nje kwenye foleni ya chakula. Ndani mlikuwa na giza, moshi na muziki wa kutisha. Katikati palikuwa na sanduku refu, na kila baada ya dakika moja kifuniko kilifunguka, mifupa ya mtu ikaketi, ikatikisika, ikalala tena. Watoto walipiga mayowe, wakacheka, wakakimbia nje, wakarudi tena. Wetu hakupiga yowe. Alisogea mpaka kwenye lile sanduku, akaishika ile mifupa ya mkono, akaitazama.

"Dada, huyu alikuwa mtu?"

"Hapana. Ni plastiki tu."

"Lakini watu wakikufa wanakuwa hivi?"

Nikasema, "Ndiyo. Baadaye sana."

"Baba pia?"

Msomaji mpendwa, mimi niliyepigiwa makofi nikakosa neno. Nilimwuliza kwa sauti iliyokuwa ikinitetemeka, "Nani amekwambia Baba amekufa?"

"Hakuna mtu. Mama hulia kwa bafu. Na simu ya Baba iko kwa droo. Angekuwa safari angeibeba."

Kulikuwa na mfanyakazi mmoja pembeni aliyevaa shuka jeupe na kinyago cha fuvu, kazi yake ikiwa kuwashtua watoto. Alipotuona tumesimama kimya alivua kinyago chake. Kumbe ni kijana tu, jasho likimtiririka! Akachuchumaa akasema, "Pole, kijana. Umeogopa?" Mtoto akamjibu, "Sijaogopa. Nilikuwa nauliza tu."

Nilimtoa nje nikamweleza Mama Mdogo. Tuliketi kwenye benchi karibu na reli ya ile treni, na hapo ndipo mjane alipomwambia mwanawe ukweli ambao sisi tuliuficha miezi sita. Mtoto alilia. Alilia sana, naye mama yake akalia, na watu waliovaa kama wachawi na majoka wakatupita wakitutazama. Alipotulia aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Alizikwa wapi?" Akaambiwa nyumbani, Mukumu. "Twende," akasema. La pili: "Lakini kabla hatujaenda, naweza kupanda treni?" Tukampandisha treni.

Kesho yake, Jumamosi, tarehe 1 Novemba, tulipanda basi kuja nyumbani.

Sasa, mpenzi msomaji, hebu tupime mambo. Kisa nimekimaliza nusu tu, nami nitarudi kwenye nusu ya pili. Kwanza nataka kusahihisha niliyoyasema siku ya mjadala, kwa maana niliporudi nyumbani nilifanya lile ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kupanda jukwaani, yaani kusoma.

Nilisema Halowini ni ya Wamarekani. Nilikosea. Asili yake ni Ulaya, hasa Ailandi na Uskoti, ambako watu wa kale walioitwa Wakelti walikuwa na sikukuu ya mwisho wa mavuno iliyoitwa Samhain. Waliamini kwamba usiku huo pazia baina ya walio hai na waliokufa huwa jembamba. Baadaye Kanisa lilikuwa na Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, ambayo katika karne ya 9 Papa Gregori wa Nne aliieneza zaidi. Na jina lenyewe la Halowini, kwa Kiingereza cha zamani, ni mkesha wa watakatifu tu! Kwa hiyo sisi tunaosali katika misheni hii ya Mukumu, iliyoanzishwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1906, tumekuwa na sikukuu hiyo miaka yote. Tarehe 1 tunawakumbuka watakatifu, tarehe 2 tunawaombea marehemu wote. Kilichotufikia kutoka Nairobi ni mkesha wa sikukuu yetu wenyewe, umerudi umevaa nguo nyingine.

Uliipataje Marekani? Njaa ndiyo iliyoupeleka. Kati ya mwaka 1845 na 1852, viazi viliharibika kwa ugonjwa nchini Ailandi, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Wengi walikwenda Marekani na desturi zao. Kwao walikuwa wakichonga aina ya mzizi mkubwa kama figili na kuutia mshumaa. Marekani wakalikuta boga, ambalo ni kubwa na laini, wakachonga hilo. Sisi boga tunalichemsha, na majani yake tunayapika mboga. Wao wakaligeuza taa. Kila watu na akili zao.

Bustani za michezo ziliingia baadaye. Mwaka 1973 bustani ya Knott's Berry Farm huko California ilianza sherehe yake ya Halowini, na mwaka 1995 Disney ikaanzisha yake Florida, iliyotengenezwa isiwatishe sana watoto. Hapo desturi ya kijiji ikawa biashara kubwa yenye tiketi mlangoni. Na biashara husafiri. Haikuchelewa kufika kwetu.

Nilisema pia kwamba kuvaa vinyago na kuigiza mizimu ni mambo ya kigeni. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Jirani zetu Watiriki, ambao kutoka hapa si safari ndefu, vijana wao wanaopashwa tohara huvaa vinyago vinavyoficha uso mzima na kucheza mbele ya watu. Sisi Waisukha na ndugu zetu Waidakho, mzee aliyeheshimika akifa, mafahali huletwa matangani na ngoma ya isukuti hupigwa hadi vumbi litimke. UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ngoma hiyo hupigwa harusini na hupigwa mazishini. Ni nani basi aliyetuambia kwamba kucheza mbele ya kifo ni ugeni? Wazee wetu walicheza mbele ya kifo kabla ya Halowini kutujia.

Lakini kuna tofauti, na ndiyo sababu sijahama upande kabisa. Kijana wa Kitiriki aliyevaa kinyago ana mzee wa kumwongoza, na akikivua huwa amefundishwa jambo. Mtoto aliyecheza isukuti matangani alijua ni nani aliyekufa, alimwona, na kesho yake aliliona kaburi. Mchezo ulikuwa na mwalimu. Kule bustanini hakukuwa na mwalimu. Palikuwa na muuza tiketi. Mtoto wa miaka sita aliachwa aonyeshwe mifupa ndani ya sanduku, na mtu pekee aliyetambua kwamba swali lake halikuwa la mchezo ni kijana aliyelipwa kumshtua. Sherehe inayokodisha kifo kwa jioni moja, kisha ikafunga lango saa tatu usiku, haiwezi kumlea mtoto. Hilo nalisema bado, na nitalisema hata mkinizomea.

Hata hivyo, tuulizane bila kuoneana haya. Kama bustani ile haikuwa na mwalimu, je, nyumba yetu ilikuwa naye? Miezi sita mtoto alikuwa na swali moja kifuani. Alilileta kwangu kwa simu nikamdanganya. Alilileta mbele ya televisheni, ikazimwa. Mwishowe alikwenda kuiuliza mifupa ya plastiki, kwa kuwa hapo tu ndipo kifo kilipotajwa mbele yake bila watu kunong'ona. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulificha kifo chenyewe, na tukaumbuliwa na mchezo.

Ndiyo maana nasema tusimlaumu mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Halowini ilikuja nyumbani mwetu kama mgeni asiye na adabu nyingi, lakini ikatuonyesha kidonda chetu. Tukimfukuza mgeni na kidonda tukakiacha, tutakuwa tumefanya nini?

Najua watakaonipinga. Nimekwisha kuwasikia bwenini.

Wa kwanza watasema, "Mtoto mdogo haelewi kifo, mtamtia hofu bure." Nawajibu kwamba mtoto wetu alikuwa amekwisha elewa. Aliyaunganisha machozi ya bafuni na simu ya droo akapata jibu, tena bila msaada wa mtu. Kisichojulikana ndicho kinachomtisha mtoto. Alichokosa ni mtu mzima wa kumshika mkono tu. Na mtoto aliyeambiwa kwamba baba yake amesafiri atamsubiri. Kila basi litakalosimama, kila hodi itakayopigwa, atainua kichwa. Je, huo si ukatili kuliko kaburi?

Wa pili watasema, "Hayo ni mambo ya watu wa Nairobi, hapa kijijini watoto wote huhudhuria mazishi." Ni kweli kwa kiasi. Lakini siku hizi hata hapa nawaona watoto wakifukuzwa jeneza linapofunguliwa, wakiambiwa marehemu amelala. Wengine huogopa kulala miezi mizima baada ya kusikia hivyo! Na wengi wetu tuna ndugu mijini, ambao kuja kwao nyumbani ni Desemba kwa Desemba. Makaburi ya babu zao hawayajui. Ukiwauliza mzimu ni nini watakuonyesha katuni.

Wa tatu watasema, "Basi turuhusu Halowini, tuache kelele." Nao sikubaliani nao. Bei iliyokuwa imeandikwa juu ya zile tiketi tatu, ukiijumlisha, ilikaribia bei ya gunia la mahindi. Mzazi anayejinyima ili mwanawe asichekwe darasani kwa kukosa mavazi ya mnyonya damu ameingia utumwa mpya. Mwenye nacho na aende, afurahi, sitamwita shetani tena. Lakini asiye nacho asijione amemnyima mtoto wake kitu, kwa sababu kitu chenyewe tunacho hapa, tena bure.

Nacho ni hiki. Sasa narudi kwenye nusu ya kisa changu.

Tulifika Mukumu Jumamosi usiku. Kukhu, yaani nyanya yetu, alikuwa hajalala. Mtoto huyu amerithi jina la marehemu babu yetu, hivyo Kukhu humwita Mzee. Alimpokea mlangoni akamwambia, "Karibu, Mzee. Umekawia kuja kumwona mtoto wako." Sote tulinyamaza. Kisha akatugeukia sisi wengine: "Mimi nilisema mtoto aletwe. Mkasema mimi ni mtu wa zamani."

Jumapili, tarehe 2 Novemba, ilikuwa ndiyo siku ya marehemu wote. Tulihudhuria misa, kisha tukarudi nyumbani, Kukhu akachukua jembe akampa mtoto kipanga kidogo butu. Walipalilia kaburi pamoja. Mtoto aliuliza maswali yote aliyokuwa ameyaweka tangu Aprili, na Kukhu hakulikwepa hata moja.

"Ako hapa chini?"

"Yuko hapa."

"Anasikia baridi?"

"Hasikii baridi tena. Aliumwa, sasa haumwi."

"Anajua nimekuja?"

Kukhu alifikiri kidogo. "Mimi naamini anajua. Na kama hajui, sisi tunajua."

Mtoto alitoa mfukoni peremende tatu za Halowini, akaziweka juu ya kaburi. Mama Mdogo alitaka kumzuia. Kukhu akasema, "Mwache. Zamani wazee walimwagiwa busaa. Yeye ana peremende." Kisha wakaenda jikoni, Kukhu akatoa boga alilokuwa amelichemsha asubuhi, tukala sote kwa chai. Boga hilo halikuwa na macho wala meno. Jioni mtoto alicheza na wenzake hadi giza likaingia, na usiku huo, kwa maneno ya mama yake, alilala bila kuamka mara ya kwanza tangu baba yake alipoondoka.

Sisemi kwamba amepona. Wiki iliyofuata alilia tena, na ataendelea kulia mara kwa mara, kama sisi. Lakini sasa analia nasi.

Basi mapendekezo yangu ni matatu, wala hayahitaji fedha za serikali.

Kwanza, tuacheni kuwadanganya watoto kuhusu kifo. Neno "amesafiri" tuliachie safari. Mtoto aambiwe kwa maneno mafupi na ya kweli na mtu anayempenda, kabla hajaambiwa na uchochoro, televisheni au nyumba ya mizimu.

Pili, siku hizi mbili za Novemba ziwe za familia. Kanisa Katoliki huwahimiza waumini kutembelea makaburi na kuwaombea marehemu kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba. Twende na watoto. Wapewe kazi: huyu apalilie, yule achote maji, mwingine apande maua. Mzee mmoja asimulie marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alichekesha vipi. Watu wa Meksiko hufanya hivyo kila mwaka siku hizo hizo. Hupamba makaburi kwa maua, huweka vyakula ambavyo marehemu walivipenda, hutengeneza hata mafuvu ya sukari kwa ajili ya watoto, na UNESCO imeitambua desturi hiyo kuwa urithi wa dunia nzima. Hawalii siku nzima. Wanakula, wanaimba. Kwao fuvu la sukari lina jina la mtu wao, na hilo ndilo linalolitenga na mifupa ile ya plastiki isiyokuwa ya mtu yeyote.

Tatu, na hili nawaambia wanachama wenzangu: mjadala ule turudieni. Safari hii hoja isiwe Halowini ina nafasi au haina. Iwe hivi: "Jamii yetu inawaficha watoto kifo." Mimi nitaunga mkono tena, lakini sasa sitatafuta makofi. Na yule mwenzetu wa upande wa upinzani aliyesema kwamba mchezo haujamwua mtu, namwomba radhi. Nilimcheka siku ile. Hakuwa na hoja ya kutosha, lakini mimi nilikuwa na kelele za kutosha, na kelele si hoja.

Mpenzi msomaji, huenda wewe pia nyumbani kwenu kuna simu iliyofichwa kwenye droo. Kuna mtoto anayejua na anayengoja tu mtu aanze kusema. Usingoje boga lenye meno likusemee. Anza wewe.

Mungu awalaze mahali pema wote waliotutangulia.